Chuo cha Berea na Watoto wa Maskini

Katika vijiji vyetu wako wazazi ambao wao wenyewe hawakusoma zaidi ya kujua kuandika majina yao, na sasa wana mtoto aliyefaulu mitihani yote akaitwa kwenda chuo kikuu. Siku ile barua inapofika nyumba hujaa vigelegele, na usiku wake baba na mama hawalali. Mtoto huyo ndiye wa kwanza katika ukoo mzima. Hana kaka aliyepita njia ile ampe habari zake, wala hana mjomba wa kumwuliza. Ada ikipatikana, watu husema, "Sasa kazi imekwisha." Sisi waalimu twajua kwamba haijaisha, maana tumewaona wengine wakienda kwa shangwe na kurudi kimya kabla ya mwaka wa pili.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji habari za chuo kimoja cha Marekani, ambacho tangu mwanzo wake kimeifanya kazi hii moja ya kuwapokea vijana ambao kwao hakuna fedha wala hakuna aliyewatangulia kusoma. Chuo hicho ni Berea, katika jimbo la Kentucky. Habari zake si za sifa tupu. Imo ndani yake aibu kubwa, nasi hatutaificha.

Mwanzilishi wake ni John Gregg Fee, aliyezaliwa mwaka 1816 katika jimbo hilo hilo. Siku zile Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa, na baba yake Fee alikuwa na watumwa wake. Kijana alipokwenda kusomea uchungaji katika mji wa Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio ambako utumwa ulikuwa umekatazwa, moyo wake uligeuka. Aliona haiwezekani mtu kusema kwamba ampenda jirani yake, na huku amemnunua. Akarudi kwao kuhubiri hivyo, na baba yake akamkatia urithi. Nyumbani mwa baba yake alikuwako mtumwa mmoja, mwanamke, jina lake Juliet Miles. Fee akamnunua kwa baba yake ili ampe uhuru. Walakini watoto wa mama huyo walibaki utumwani. Mwaka 1858 alipojaribu kuwavusha mto waingie Ohio, walikamatwa, naye akatiwa gerezani akafia humo. Tumeitaja habari hii ili msomaji ajue Fee alikuwa mtu wa namna gani, na nchi aliyotaka kufungua shule ilikuwa nchi gani.

Mwaka 1854 tajiri mmoja aliyechukia utumwa, Cassius Clay, alimpa Fee kipande cha ardhi chini ya milima. Fee akapaita Berea, kwa ajili ya mji ule tunaousoma katika Matendo ya Mitume, ambao watu wake walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku. Mwaka 1855 ilijengwa nyumba ya chumba kimoja: siku za juma ilikuwa shule, siku ya Bwana ilikuwa kanisa. Wasomaji wetu hawatashangaa, kwa kuwa shule nyingi za kwetu zilianza vivyo hivyo. Na neno walilolichagua kuwa msingi wa chuo walilitoa katika sura ile ile ya 17 ya Matendo, aya ya 26, ambapo Mtume Paulo awaambia Waathene kwamba mataifa yote yametoka katika asili moja. Ni neno jepesi kulichora juu ya mlango. Kulishika ni kazi nyingine.

Hawakukaa miaka mitano kabla ya kujaribiwa. Mwezi wa Oktoba 1859 John Brown, mpinzani wa utumwa, aliivamia ghala ya silaha ya serikali huko Harpers Ferry, apate kuwapa watumwa bunduki. Hofu ikaenea katika nchi yote ya mabwana. Siku mbili kabla ya Krismasi mwaka ule, watu wenye silaha walifika Berea wamepanda farasi, wakapita nyumba kwa nyumba, wakawapa waalimu na rafiki zao siku kumi kuondoka Kentucky. Wakaondoka katika baridi, na shule ikafungwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, tangu mwaka 1861 hata 1865. Mahali palipoitwa Camp Nelson, katika jimbo hilo hilo, serikali ilikuwa na kambi kubwa, na mwaka 1864 ilianza kuandika watu weusi kuwa askari. Zaidi ya 10,000 walijiandikisha, kwa sababu mtumwa aliyeandikwa askari alipata uhuru wake. Wake zao na watoto wao waliwafuata kambini, lakini wao hawakuwa na ahadi ile. Mwezi wa Novemba 1864 mkuu wa kambi aliamuru wafukuzwe, na watu wapata 400 wakatupwa nje katika baridi kali. Zaidi ya 100 walikufa. Habari ile ilipofika mji mkuu watu waliona haya, na mwezi wa Machi 1865 ikatungwa sheria ya kuwapa uhuru wake na watoto wa askari.

Fee alikuwapo kambini miezi ile. Aliwaona watu wazima, waliokatazwa kusoma maisha yao yote, wakitaka kufundishwa, akaanza kuwafundisha. Na vita vilipokwisha, kwa kuwa wengi hawakuwa na mahali pa kwenda, akawaita Berea. Ardhi ya hapo ikagawanywa viwanja, na Fee akahimiza kiwanja cha mtu mweusi kiwe kando ya kiwanja cha mtu mweupe, makusudi, mji usiwe mitaa miwili.

Shule ikafunguliwa tena mwaka 1866. Wasichana weusi walipoingia darasani kwa mara ya kwanza, wanafunzi weupe wengi walisimama wakatoka. Waalimu hawakuwatoa wasichana ili kuwarudisha wale. Katika mwaka wa masomo wa 1866 hadi 1867 walikuwako wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Twaomba msomaji asimame kidogo juu ya hesabu hii. Mwaka mmoja tu umepita tangu vita, katika nchi iliyokuwa ya watumwa, na watoto wa watumwa pamoja na watoto wa wakulima weupe maskini wamekaa shule moja, wala hakuna kundi lililo dogo mbele ya lingine. Miaka michache baadaye binti mweusi, Julia Britton, alikuwa akiwafundisha muziki wanafunzi wa rangi zote mbili.

Lakini chuo ni nini, ikiwa mwanafunzi hajui kusoma? Hapa ndipo twaona hekima ya watu wale. Berea iliitwa chuo, walakini wengi sana wa wanafunzi wake walikuwa katika madarasa ya chini. Waalimu hawakusema, "Mtu na ajitayarishe kwao kwanza, kisha aje." Walijua kwamba kwao hakuna shule. Wakajenga ngazi nzima mahali pamoja, kutoka herufi za kwanza hata shahada. Shahada za kwanza zilitolewa mwaka 1873. Mwaka 1874 John Henry Jackson alipata yake, naye baadaye akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha jimbo cha kuwafunza waalimu weusi, katika mji wa Frankfort. Angus Augustus Burleigh, aliyekuwa askari katika Camp Nelson, aliingia Berea mwaka 1866 akapata shahada mwaka 1875. Hiyo ni miaka tisa. Wako watu leo wanaomcheka kijana anayerudia darasa au anayechelewa kumaliza. Huyu alitoka utumwani, akapita vitani, akakaa miaka tisa katika benchi, wala hatusikii kwamba chuo kilichoka naye.

Tena yuko James Bond. Alizaliwa mtumwa mwaka 1863. Kwa jinsi mjukuu wake alivyokuwa akisimulia, alipofika umri wa miaka 15 hivi, naye akijua kusoma kidogo sana, alimfunga maksai kamba, akatembea naye kwa miguu mpaka Berea, na maksai yule ndiye aliyekuwa ada yake. Wasomaji wetu wafugaji wajua maana ya jambo hili. Maksai ni jembe la nyumba nzima. Chuo kingine kingalimwambia kijana ampeleke mnyama wake sokoni kwanza, kisha arudi na fedha na vyeti. Berea walimpokea. Alipata shahada yake mwaka 1892, akiwa karibu na miaka 30, akawa mchungaji. Tutakutana naye tena.

Mwaka huo huo wa 1892 mkuu mpya, William Goodell Frost, alishika uongozi wa chuo. Na tangu mwaka ule Berea haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo hata leo. Mtu aweza kudhani kwamba hapo fumbo limefumbuliwa. Sivyo hata kidogo. Ada ni mzigo mmoja tu. Kuna chakula, kitanda, kuni, vitabu, na vazi la kuzuia baridi. Na kuna gharama nyingine ambayo matajiri hawaioni kwa sababu hawailipi: mtoto wa maskini akienda chuoni, nyumbani hupungua mikono miwili. Baba hulima peke yake shamba walilokuwa wakililima wawili. Anayesema kwamba elimu ni bure kwa kuwa hakuna ada, huyo hajamwuliza mama aliyebaki na jembe.

Frost alipanda sana milima ya Appalachia iliyo mashariki ya Berea, ambako waliishi watu weupe maskini, mbali na barabara na shule. Huko aliwakuta akina mama wakifuma kwa mkono matandiko mazito ya sufu na pamba yenye nakshi nzuri, kwa namna walivyorithishwa na bibi zao. Hawakuwa na fedha, lakini matandiko walikuwa nayo. Basi chuo kikakubali kuyapokea kuwa malipo ya gharama za watoto wao, kisha chenyewe kikayatafutia wanunuzi miongoni mwa watu wenye mali wa kaskazini. Mama asiyejua kusoma aliketi kwenye kitanda cha mfumi huko mlimani, na kazi ya vidole vyake ikamlisha mwanawe mezani chuoni. Twaliona jambo hili kuwa bora kuliko sadaka. Mtoto yule hakuweza kumdharau mama yake aliporudi likizo, maana alijua amekula nini.

Tena kulikuwa na kazi ya wanafunzi wenyewe. Tangu mwanzo walilima, walipika, walipasua kuni, walichapa vitabu. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ikawa sharti kwa kila mmoja. Mwaka 1909 chuo kilijenga nyumba ya wageni, iitwayo Boone Tavern, na wanafunzi ndio waliohudumu humo. Tangu mwaka 1920 walitengeneza mifagio ya kuuza. Wasomaji watasema, "Hata sisi tulilimishwa shuleni." Ni kweli, lakini tuangalie tofauti. Katika shule nyingi za kwetu jembe lilitolewa kuwa adhabu: aliyechelewa alikwenda shambani, na aliyefaulu alibaki kivulini. Tuliwafundisha watoto wetu kwa vitendo kwamba kazi ya mikono ni ya mjinga, kisha tukashangaa walipokataa kuishika. Huko Berea wote walifanya kazi, na waliofaulu pia, na kazi ililipwa kwa hesabu iliyopunguza deni la mwanafunzi. Mahali ambapo kila mtu ana ufagio, ufagio haumwambii mtu yeyote kwamba yeye ni maskini. Kwa maoni yetu aibu huwaangusha watoto wa maskini vyuoni kama vile njaa. Kijana mwenye viatu vimoja kati ya vijana wenye viatu vinne huacha kula pamoja nao, halafu huacha kuuliza maswali darasani, halafu huacha chuo.

Miongoni mwa watu weusi waliosoma hapo yuko mmoja ambaye jina lake limeenea pote. Carter Godwin Woodson alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Virginia. Wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya vita, na baba yake hakujua kusoma. Carter alifanya kazi shambani, kisha akaenda kuchimba makaa ya mawe katika milima ya West Virginia. Huko alikuwako mchimbaji mweusi, Oliver Jones, askari mzee wa vita vile, ambaye nyumbani kwake wachimbaji walikusanyika jioni kula na kunywa chai. Jones mwenyewe hakujua kusoma, lakini alinunua vitabu na magazeti. Akamwambia kijana Woodson kwamba atakula bure, mradi awasomee wazee habari kwa sauti. Basi kijana akasoma kila jioni, na wazee wakabishana juu ya yale waliyosikia, wakaeleza waliyoyaona vitani na utumwani. Baadaye Woodson, akiwa mtu wa sifa kubwa, aliandika kwamba mapenzi yake ya kuitafuta historia ya watu wake yalizidi sana katika nyumba ile. Twapenda wazazi wasiojua kusoma wakumbuke habari hii. Wachimbaji wale walimsomesha mwanachuoni, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukisahihisha kitabu chake.

Woodson alikuwa na miaka 20 alipoingia shule ya sekondari katika mji wa Huntington, akaimaliza kwa muda usiotimia miaka miwili. Berea aliisoma kwa vipande: husoma, hutoka kwenda kufundisha apate fedha, hurudi. Alipata shahada yake ya Berea mwaka 1903. Baadaye alisoma Chicago, na mwaka 1912 alipata udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, mtu mweusi wa pili baada ya W. E. B. Du Bois kuupata hapo. Yeye ndiye aliyeanzisha, mwaka 1926, juma la kuikumbuka historia ya watu weusi, ambalo leo ni mwezi mzima wa Februari. Mwaka 1933 alitoa kitabu cha kuilaumu elimu inayomfanya msomi awe mgeni kwa watu wake mwenyewe. Mtu aliyejifunza kati ya wachimbaji alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Alitoka Berea mwaka 1903, na mwaka uliofuata asingaliweza kuingia. Mwaka 1904 mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Kentucky, jina lake Carl Day, alileta mswada wa kukataza wanafunzi weusi na weupe kufundishwa mahali pamoja. Katika jimbo lote chuo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, na kila mtu alijua ni kipi. Mswada ukapita. Chuo kilishitakiwa, kikatozwa faini ya dola 1,000, kikakata rufani hata Korti Kuu ya Marekani. Hukumu ilitoka tarehe 9 Novemba 1908. Majaji walio wengi walisema kwamba chuo ni chama kilichoundwa kwa sheria ya jimbo, na jimbo lililokiunda laweza kukibadilishia masharti. Majaji wawili walipinga. Mmoja alikuwa John Marshall Harlan, mwenyeji wa Kentucky, ambaye aliuliza kama nchi imefikia hali ya kuyafanya makosa mambo ambayo raia huyatenda pamoja kwa hiari yao na bila hatia. Wa pili jina lake pia lilikuwa Day, wala hana udugu wowote na sheria ile.

Hapa yatupasa kusema kweli. Hata kabla ya sheria ile wanafunzi weusi wa Berea walikuwa wamepungua kwa kulinganishwa na weupe, kwa sababu Frost aliiweka nguvu yake yote katika milima, na fedha za wafadhili zikamfuata huko. Wahitimu weusi walinung'unika, wakasema chuo chao chachukuliwa mikononi mwao polepole. Fee mwenyewe alikufa mwaka 1901, kwa hiyo hakuiona sheria. Ilipokuja, uongozi ulipigana nayo mahakamani kwa haki. Walakini ulipolazimika kuchagua nani abaki katika majengo yale, uliwachagua weupe. Wako wanaomtetea Frost kwamba watoto wa milimani nao walikuwa maskini kweli kweli, na kwamba kugawanyika kungaliua shule zote mbili. Kwamba walikuwa maskini hatubishi. Lakini waliotolewa ni watoto wa wale askari wa Camp Nelson, ambao kwa ajili yao mlango ulifunguliwa mwaka 1866. Haifai kuwalisha watoto wa nyumba moja kwa chakula cha nyumba nyingine na kukiita ni lazima tu. Sisi twaona Frost alikuwa amekwisha kuuelekeza moyo wake upande mmoja kabla sheria haijamlazimisha mikono.

Chuo kiliwalipia gharama baadhi ya wanafunzi weusi waende Fisk, Hampton na vyuo vinginevyo vya mbali. Kisha kikaanza kuchangisha fedha za kujenga shule nyingine kwa ajili ya watu weusi. Na aliyetumwa kupita mjini na vijijini akiomba michango ni James Bond, yule yule aliyekuja na maksai. Hatujui mzigo uliokuwa moyoni mwake alipoomba fedha za kuwajengea watoto wa watu wake mahali pengine, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amesoma pale pale walipofukuzwa. Tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha nyingi, na watu weusi wa Kentucky nao wakatoa senti zao. Shule hiyo, Lincoln Institute, ilifunguliwa mwaka 1912 karibu na Simpsonville. Ilikuwa shule njema, lakini ilifundisha masomo ya sekondari na ya ufundi. Haikuwa chuo cha kutoa shahada. Ngazi ile iliyojengwa na Fee ikawa imekatwa juu.

Wazao wa Bond walipanda kwa ngazi nyingine. Mwanawe, Horace Mann Bond, mwaka 1945 alikuwa mkuu wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln katika jimbo la Pennsylvania, ambacho ni kingine wala si ile shule ya Kentucky. Katika chuo hicho cha Pennsylvania walisoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana, miaka kadhaa kabla ya Bond kukiongoza. Mjukuu, Julian Bond, alikuwa mmoja wa viongozi wa vijana waliopigania haki za watu weusi katika miaka ya 1960, na ndiye aliyependa kuisimulia habari ya babu yake na ng'ombe. Tangu kamba ya maksai hata kiti cha mkuu wa chuo kikuu ni kizazi kimoja tu. Walakini tusisahau kwamba kwa kila Bond walikuwako wengi waliofika mlangoni baada ya mwaka 1904 wakaukuta umefungwa, na majina yao hayakuandikwa popote.

Wakati huo Berea iliendelea. Msomaji atauliza chuo kisichotoza ada hupata wapi fedha za kuwalipa waalimu. Mwanzoni ilikuwa ni kuomba, na wakuu wake walizunguka makanisani na kwa matajiri kila mwaka. Mwezi wa Oktoba 1920 wadhamini walikata shauri kwamba kila urithi utakaoachiwa chuo bila masharti hautatumiwa, bali utawekwa akiba pamoja na mingine, na chuo kitatumia faida yake tu. Ni kama mtu anayepewa ng'ombe akaapa kunywa maziwa wala asichinje, hata katika miaka ya njaa. Miaka ya njaa ilikuja upesi, maana miaka ya 1930 ilikuwa ya dhiki kubwa katika Marekani yote. Leo akiba hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama za chuo.

Mwaka 1950 sheria ya Day ilirekebishwa, na mwaka huo huo Berea ikawapokea tena wanafunzi weusi, baada ya miaka 46. Woodson alikufa mwezi wa Aprili mwaka ule. Mwaka 1954 Jessie Reasor Zander alipata shahada, mtu mweusi wa kwanza kuipata hapo tangu sheria ilipotungwa. Madarasa ya chini yalifungwa mwaka 1968, kwa kuwa shule za serikali zilikuwa zimefika hata milimani.

Siku hizi chuo kina wanafunzi wapatao 1,500, wa rangi zote, wengi wao wakiwa wa kwanza katika nyumba zao kufika chuoni, na wamo vijana waliotoka nchi za Afrika. Kila mmoja hufanya kazi isiyopungua saa 10 kwa juma: wengine jikoni, wengine shambani, wengine katika ofisi na maktaba. Anayetaka kuingia huulizwa alama zake, kisha huulizwa mapato ya nyumbani kwao. Na ikionekana kwamba wazazi wake wana mali ya kutosha kumlipia chuo kingine, aghalabu hukataliwa, hata akiwa amefaulu vizuri sana.